Kupanga Bila Msimamizi

Tawa, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Mutheu, mwaitu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi ulikunywa nusu kikombe cha chai, mchana hukumaliza wali, na sasa uko Mukuyuni kumuaga rafiki yako, au kumwambia kwamba hakuna haja ya kuagana. Hali yangu nayo unaijua kuliko ninavyoijua mimi.

Ninaandika mchana kwa sababu taa hainitoshi tena. Nimeketi mlangoni, daftari liko pajani, na herufi nimezikuza kama za ubaoni. Mistari ikipanda na kushuka, vumilia. Kwa kosa hilo niliwarudishia watoto wengi madaftari yao.

Shangazi yako Kalunde yuko jikoni. Tangu afike juzi kutoka Kitui amekwisha kukuambia uvae nini, ule nini, usali saa ngapi na usimfungulie nani mlango. Hayo yote namwachia yeye. Mimi nina neno moja tu, ingawa ni refu.

Kesho alfajiri gari litakuja kukupeleka uwanja wa ndege. Kampuni ya Taiwan imekungoja tangu mwezi wa pili, na umekwisha kuwaomba mara moja wakusogezee siku. Leo, tukiwa mezani, ulisema huendi. Ulisema utawaandikia jioni. Nataka usome haya kabla hujawaandikia.

Nitayarudia ya mezani kama yalivyokuwa, kwa maana huenda kila mmoja wetu ameondoka na toleo lake.

Kalunde aliuliza, chakula kikiwa bado mdomoni: "Sasa Mwalimu, binti yako akienda, hayo macho utayafanyia nini?"

Ukamjibu wewe. "Daktari alisema asubiri, Shangazi. Alisema bado hayajawa tayari."

"Daktari gani?"

"Wa hospitali."

"Si hao wa hospitali walimpigia simu mwezi wa tatu, nafasi ya upasuaji ikapatikana? Aliniambia mwenyewe. Akasema anangoja mvua iishe." Akanigeukia. "Ama huyo daktari ulimsikia redioni?"

Hakuna aliyecheka. Uliweka kijiko kando ya sahani, taratibu, ukanitazama. Sikuuona uso wako vizuri, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba sioni vizuri.

"Baba, ni kweli?"

Nikasema ni kweli.

Nilitazamia hasira. Hasira ningeiweza, nimeishi na hasira za watoto na za wazazi wao maisha yangu yote. Lakini ulisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali: "Mtu anayekubali kutoona ili mimi nisiondoke, nitamwachaje? Basi siendi." Kisha ukavaa viatu.

Kalunde alibaki akikusanya sahani kwa kelele zaidi ya ilivyohitajika. "Nimeharibu?" akaniuliza. Nikamwambia hapana, aliyeharibu ni mimi, naye akasema hilo alikuwa analijua, alitaka tu kusikia kama nalijua.

Siku ile ya simu ulikuwa uani ukianua nguo, mawingu yakiwa yamekaribia. Muuguzi aliponipa nafasi, nilikutazama kupitia dirisha. Nilikuona kama kivuli kinachonyoosha mikono na kuishusha. Nikahesabu kwa akili yangu: macho yakipona, hakuna kitakachomzuia. Nikamwambia muuguzi tungoje. Ulipoingia na nguo ukauliza nani alipiga, na jibu lilikuwa limekwisha kujitengeneza. Halikunigharimu hata pumzi. Hilo ndilo linalonitisha: lilitoka likiwa sahihi kabisa, kila silabi mahali pake, na halikuwa la kweli.

Sasa niseme kuhusu kazi yako, kwa maana mchana huu wote nimekuwa nikiiwaza.

Ulikuwa mwaka wa tatu chuoni ulipokuja likizo na kipande cha saketi, cha kijani, kisichozidi kiganja. Ulikiunganisha na kompyuta yako juu ya meza yetu ya chakula. Nami nilikuwa nimetandaza karatasi za mtihani wa darasa la nane upande wa pili, nikizipanga kwa alama.

"Hicho ni cha nini?"

"Kinapanga namba, Baba."

"Kompyuta haiwezi kupanga namba?"

"Inaweza. Lakini inapanga kama wewe."

Nilitaka kujua hiyo "kama wewe" ni sifa au ni lawama. Ukanielekezea karatasi zangu. Ukasema: unashika moja, unaitazama na ya pili, unaamua, unaiweka, unashika nyingine. Hata ukiwa na haraka namna gani, mikono ni miwili. Kompyuta ya kawaida ni karani mmoja mwenye mbio sana, lakini ni mmoja. Mpe karatasi za shule moja, atakushukuru. Mpe za nchi nzima, watu wote wanakaa wanamngoja yeye.

Kisha ukageuza kalenda ya mwaka uliopita ukachora mgongoni mwake. Mistari minane, imelala sambamba kama matuta ya shamba. Kati ya mstari na mstari ukaweka vijiti vifupi vilivyosimama, hapa kimoja, pale kingine. Kila namba, ulisema, inaingia upande wa kushoto kwenye mstari wake. Ikifika penye kijiti inakutana na mwenzake. Iliyo ndogo inapita juu, iliyo kubwa inapita chini, na safari inaendelea hadi kijiti kinachofuata. Vijiti vilivyo katika safu moja vyote vinafanya kazi kwa wakati mmoja. Hakuna kinachokingoja kingine. Namba zikitoka upande wa kulia zimekwisha kujipanga, ziwe ziliingia zimechanganyika kiasi gani.

Kijiti chako ulikiita komparata. Nikakuambia liko neno zuri zaidi, kilinganishi. Ulicheka, lakini uliliandika, na tangu siku hiyo sijakusikia ukisema lile la kwanza mbele yangu.

"Na nani anasimamia?" nikauliza.

"Hakuna."

"Lazima awepo mtu anayejua nani awe wa kwanza."

"Hayupo, Baba. Kila kilinganishi kinajua namba mbili tu, zilizo mbele yake. Njia zenyewe ndizo zilizojengwa vizuri."

Nikakuambia haiwezekani. Nilikuwa nimeongoza shule kwa nusu ya umri wangu, na hapakuwa na kitu kilichowahi kujipanga nilipogeuza mgongo.

Ukanithibitishia kwa wanafunzi wangu mwenyewe. Ilikuwa muhula wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, wageni walikuwa wanakuja, na darasa la sita lilihitaji kusimama kwa urefu ili lipigwe picha. Unakumbuka nilivyokuwa nikifanya: kumshika huyu bega, kumrudisha yule, kumkemea wa tatu, hadi kengele ya mapumziko inalia bado hatujamaliza. Ukaniomba nikae kando. Ukawaambia wasimame mstari mmoja, ovyo ovyo, walivyo. Ukawagawa jozi jozi. Kofi la kwanza, jozi hizi zitazamane; kofi la pili, kila mmoja na jirani wa upande wa pili; kisha zile za kwanza tena. Aliye mrefu aende kulia. Asimwangalie mtu mwingine yeyote, hata kaka yake.

Ukapiga kofi. Wakabadilishana nafasi wakichekana. Ukapiga la pili.

Ndunge, yule aliyekuwa haogopi mtu, akaita: "Dada, huyu hatuwezi pimana na yeye. Ako na viatu za kisigino."

"Za mamake," mtu akaongezea.

"Avue," ukasema.

Wakapimana miguu mitupu. "Tuko sawa," Ndunge akasema, amevunjika moyo.

"Basi kaeni mlivyo. Aliye sawa na mwenzake hasogei."

Nilisimama chini ya paa la ofisi, mikono nyuma, nikimtazama mvulana mmoja aliyeitwa Mutisya. Alikuwa mrefu kuliko wote, na walikuwa wamemtupa mwisho kabisa wa kushoto. Nilifikiri utamwita avuke uwanja. Hukumwita. Kila kofi alisogea mtu mmoja, akampita, akasimama. Kofi lingine, mtu mwingine. Hakukimbia, wala hapakuwa na aliyemwambia anakwenda wapi. Nilipomtafuta tena alikuwa amefika mwisho wa kulia, na mstari mzima ulikuwa umeteremka vizuri kama mgongo wa kilima. Vumbi lilikuwa halijatua. Walimu walishangilia. Mimi nilisema, "Vizuri," nikaingia ofisini, kwa maana sikuwa na la kufanya nje.

Leo nikikumbuka siku ile namwona Mutisya kuliko wengine wote. Ndivyo ulivyoondoka, mwaitu. Sikuwahi kuona siku ambayo ulitoka kwangu ukavuka uwanja. Ulitoka kwenye darasa langu ukaenda la mwalimu mwingine. Ukaenda shule ya bweni, si mbali. Ukaenda chuo, Nairobi, si mbali sana. Kila mara ulisogea hatua moja tu, nami nikapiga makofi. Sasa nimeinua macho na uko mwisho wa mstari, na kati yetu pana watu nisiowajua.

Tuliporudi nyumbani siku ile nilikuuliza kifaa chako kinaweza kufanya kazi gani nyingine. "Hakuna," ukasema kwa fahari. "Ndiyo maana kina kasi. Kichakataji cha kawaida kinajua kila kitu, kwa hiyo kinachelewa. Hiki kimejengwa kwa jambo moja." Ukanieleza kuhusu benki, na pesa za simu, na wanaotabiri mvua, jinsi kila mmoja ana data nyingi kuliko subira yake, na hawezi kutafuta chochote ndani yake kabla haijapangwa. Nilikusikiliza hadi mwisho. Lakini nilikwama kwenye lile la kujengwa kwa jambo moja, kwa maana nilikuwa namjua mtu aliyejengwa hivyo.

Mama yako alipofariki ulikuwa kidato cha pili. Watu walikuja, wakaimba, wakaondoka, na nyumba ikabaki na sisi wawili. Wapo wanaume ambao wangejua la kufanya na mtoto wa umri ule. Mimi nilipanga vijiko. Hukuniona, ulikuwa umelala. Nilitoa vijiko vyote vya kabati nikavipanga, vya chai mahali pake, vya chakula mahali pake, nikavipanga tena. Kesho yake nilikukuta ghalani umekaa juu ya magunia unalia, na nikakuambia, Mungu anisamehe, "Ondoka hapo. Magunia hayo yamechanganyika. Ya ndengu weka huku, ya mbaazi kule."

Uliinuka ukayapanga. Kisha ukachukua uteo wa mama yako, ukamwaga ndengu, ukaanza kuchagua mawe na punje mbovu, na hukuacha hadi jua lilipozama. Nilipita mlangoni mara nyingi. Kila nilipopita nilijiambia kwamba nitaingia nikae nawe chini. Ningeketi tu, nishike upande mmoja wa uteo. Nilikuwa na suruali ya kazini, nikasema nitaichafua.

Miaka mingi baadaye, siku ulipopata shahada yako, nilikuuliza mbele ya watu ni nani aliyekutia katika kazi hii ya kupanga. Nilitegemea utamtaja mwalimu wako wa hesabu. Ulitabasamu, ukasema, "Ni yale magunia, Baba. Siku ile niligundua kwamba mkono ukiwa unachagua, kichwa kinatulia." Watu walicheka, wakafikiri ni utani. Mimi sijui hadi leo nijivunie jibu lile au nilitubie. Ninachojua ni kwamba nilikupa kazi mahali ambapo ulihitaji baba, na wewe, badala ya kunichukia, uliichukua ukaifanya iwe kubwa.

Huko uendako, utakuwa miongoni mwa watu wenye kasi. Watakupenda kwa jambo moja unalolijua. Acha wakupende hivyo, ni haki yako. Lakini ukimkuta mtu juu ya magunia, keti.

Nimesema huko uendako. Naona nimeandika kama kwamba unakwenda. Ngoja nikuambie kwa nini.

Unajua kwamba nakuita mwaitu, mama, kwa kuwa ulipozaliwa ulichukua jina la mama yangu, kama desturi yetu inavyotaka. Hujui mengi zaidi ya hayo kumhusu, kwa maana sikukusimulia, na Kalunde akisimulia huishia kwenye vichekesho. Mama yangu alikuwa na miguu iliyovimba. Nilipokuwa mwalimu kijana, bado sijaoa, nilipata nafasi ya kwenda Unguja kusoma Kiswahili kwa miaka miwili. Katika wilaya nzima nilipata mimi peke yangu. Nilikuwa nimejifunza lugha hii vitabuni, katikati ya watu waliozungumza Kikamba nyumbani na mchanganyiko wa kila kitu sokoni, na nilitaka kwenda mahali ambapo mtoto anayecheza njiani angenisahihisha.

Sikwenda. Nilisema siwezi kumwacha mama na miguu ile. Kila mtu alinisifu. Mchungaji alinitaja kanisani.

Mama hakunisifu. Aliniuliza, "Nani amekuomba ubaki?" Nikadhani ni unyenyekevu.

Basi nilibaki, mwaitu, na sasa sikiliza nilivyobaki. Nilimchotea maji kila jioni, na kila jioni niliutua mtungi kwa kishindo kidogo. Redio ikileta sauti ya mtu wa pwani, niliongeza sauti. Wenzangu waliosoma kwingineko waliporudi, niliwataja mezani kwa majina na vyeo vyao, kisha nikamuuliza mama kama chumvi inatosha. Kwa miaka yote ile sikumwambia hata mara moja kwamba nilibaki kwa ajili yake. Sikuhitaji. Nyumba nzima ilikuwa inamwambia.

Siku moja aliniambia, "Muthama, ungeenda tu. Miguu yangu iko hapa, uende usiende."

Nikakasirika. Nikamwambia hana shukrani.

Wakati ule Kalunde alikuwa ameolewa Kitui. Alikuja kututembelea, na asubuhi ya kuondoka tulimkuta mama amekaa nje na kiondo chake kimejaa nguo. "Naenda na Kalunde," akasema. Nilimbembeleza, nikamkemea, nikauliza nani atamchotea maji. Akanijibu kwamba Kitui nako kuna maji. Akaondoka akitembea kwa miguu ile ile, polepole, mkono mmoja begani mwa binti yake.

Aliishi Kitui miaka mingi. Watu waliniambia alikuwa akienda sokoni na fimbo yake, akibishana bei za mboga asizonunua, akicheka hadi anashika ukuta. Sikuwa nimemsikia mama yangu akicheka hivyo. Nilipomzika ndipo Kalunde aliponiambia maneno aliyoyasema mama alipoulizwa kwa nini alihama. Alisema: "Kwa kaka yako nilikuwa sababu. Hapa mimi ni mama."

Nimebeba maneno hayo kwa muda mrefu kuliko umri wako. Mchana huu uliposema "Basi siendi," nilimsikia kijana mmoja aliyekataa kwenda Unguja. Sauti ilikuwa yako, lakini ilikuwa nzuri kwa namna ile ile.

Wewe una moyo mwema kunizidi. Labda hutatua mtungi kwa kishindo. Utanisomea gazeti kila asubuhi, utaruka kurasa za matangazo ya vifo kama kawaida yako, ukidhani sijui. Utafanya hivyo mwaka huu na mwaka ujao. Kisha siku moja, bila wewe kutaka, ukurasa utageuka kwa sauti tofauti kidogo. Sitaona uso wako, lakini sauti ile nitaijua mara moja, kwa maana mimi ndiye niliyeitumia kwanza katika familia hii. Na nitaanza kutafuta kiondo.

Sitaki kuwa sababu, Mutheu. Nakuomba uniache niwe baba.

Kuna jambo lingine ulilonifundisha kuhusu vifaa vyako, nami nalitumia sasa kwa ruhusa yako. Ulisema kwamba kabla ya kupanga chochote ni lazima useme unapanga kwa kitu gani: kwa jina, kwa umri, kwa uzito. Huo uliuita ufunguo. "Ukikosea ufunguo," ulisema, "kifaa kitapanga haraka sana, na kitakuwa kimepanga upuuzi." Mimi nilikosea mwezi wa tatu. Niliweka upweke wangu upande huu na kazi yako upande ule, nikavipima kwa woga, na woga ukatoa jibu kabla sijapumua. Leo wewe umeviweka vitu vile vile, umevipima kwa huruma, na jibu lako ni lile lile la kwangu. Hilo lilipaswa kutushtua sote wawili.

Sitakudanganya kwamba sitakukosa. Nimekwisha kuanza. Jana ulipokuwa unafunga begi nilikaa chumba cha pili nikasikiliza zipu ikienda na kurudi. Nitakosa vidole vyako vinavyogonga meza ukiwaza, gonga mbili, kimya, gonga moja. Nitakosa kukukuta umesinzia na kompyuta kifuani. Nitakosa hata viatu vyako pale mlangoni ninapojikwaa kila siku, nikilalamika kila siku. Nimeuliza saa za Taiwan: wametutangulia kwa saa tano. Nikiamka saa kumi na mbili kunywa chai, wewe utakuwa kazini, saa tano asubuhi, umekwisha kumaliza nusu ya siku ambayo mimi sijaianza. Nimejaribu kuizoea hesabu hiyo tangu wiki iliyopita. Kila nilipotazama saa ya ukutani, niliongeza tano. Sijazoea. Lakini hayo ni mambo ya kumpata mtu aliyemlea mtoto, nami sitaki kutibiwa.

Nilipofika hapo juu niliweka kalamu chini nikapiga simu hospitalini. Nilidhani itakuwa shida. Yule muuguzi aliikumbuka sauti yangu.

"Mzee, si ni wewe ulisema tungoje mvua?"

"Ni mimi."

"Na imeisha?"

"Imeisha zamani."

"Uko na mtu wa kukuleta? Ukitoka hapa hutaona njia siku hiyo."

Kalunde alikuwa amesimama nyuma yangu na mwiko mkononi. "Mwambie nitamleta hata kwa mkokoteni," akasema.

Muuguzi alimsikia, akacheka, akanipa siku. Ni mwezi ujao. Jicho la kulia kwanza, la kushoto baadaye. Kalunde atakaa nami mpaka yote mawili yapone, na amekwisha kuniarifu kwamba hatanisomea gazeti, kwamba nyumba hii inanuka chaki, na kwamba nitajifunza kupika nikiwa na jicho moja ili la pili lipate moyo. Nimempigia muuguzi simu mbele ya shahidi, kwa hiyo unaweza kuuliza. Una haki ya kuuliza. Kwa muda fulani utakuwa na haki ya kuuliza kila nitakalokuambia.

Nimewaamuru watu maisha yangu yote, mwaitu. Nimewaambia wasimame, wakae, warudie. Ningeweza kukuandikia "Nenda" kwa herufi kubwa, na nadhani ungetii, kama ulivyotii kwenye magunia. Sitaki uende hivyo. Mimi hapa sitasimamia chochote. Nimekueleza lililo kweli kuhusu macho yangu, na lililo kweli kuhusu bibi yako, na barua ya kuwaandikia watu wa Taiwan iko mikononi mwako. Andika utakavyo. Ukibaki, baki kwa sababu yako mwenyewe, na uitaje kwa jina ili niisikie. Ukienda, usiende ukitazama nyuma kama aliyeiba.

Jua limefika kwenye kizingiti na ukurasa unaanza kunipotea. Kuna mengine nilitaka kuandika kuhusu mama yako, lakini hayo nitakusimulia kwa simu, saa zako na saa zangu zikikutana mahali fulani.

Nimelisikia lango. Siwezi kukuona kutoka hapa, naona tu kwamba kuna mtu. Kalunde naye hajakusikia, anapiga kelele kutoka jikoni kama kawaida yake: "Mwalimu, kesho jioni nipime unga wa watu wangapi?"

Umesimama. Najua umesikia swali, kwa maana nyayo zimenyamaza.

Nimemjibu kwa sauti ile ya gwaridani, ili ifike hadi langoni: "Wawili."

Babako,
Muthama